Wanakufanyaje mle ndani?

Watu wakishajua kwamba nilikuwa naenda kwa mwanasaikolojia swali lao huwa ni hilohilo, eti wanakufanyaje mle ndani? Wengine wanadhani kuna mashine unafungwa kichwani, wengine wanadhani unachomwa sindano unalala unaanza kutoa siri zako zote, na wapo wa mtaani kwetu walionong'ona kabisa kwamba mama Neema alikuwa anaelekea Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, sema ndugu zake wamemuwahi. Mi siku hizi sikasiriki, nawajibu tu kwamba tunakaa kwenye viti tunaongea, hapo ndo wanazidi kunishangaa, yani unatoa hela ukaongee? Si ungekuja hata kwangu.

Ndo maana nimeona niandike, maana kuongea na jirani ni kitu kimoja na hii tiba ni kitu kingine kabisa, na kama kuna mtu angeniambia mapema nini kinakuja huko mbele nisingekaa kila mara naona kama natapeliwa.

Kilichonipata nakisema kwa kifupi, hii sehemu sipendi kuirefusha. Biashara yangu ni dagaa. Nilikuwa naenda visiwani kipindi cha giza, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, nanunua palepale kambini nakuja kushusha Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza. Safari moja tukapakia usiku, magunia chini watu juu ya magunia, upepo ukatukuta katikati ya maji, boti ikalala upande na haikuinuka. Nilikuwa na mdogo wangu wa mwisho, ndo kwanza alikuwa anajifunza kazi. Mi niliokotwa na wavuvi wa dagaa waliokuwa na taa zao jirani, nimeng'ang'ania dumu la petroli. Yeye alipatikana kesho yake jioni.

Sasa huku kwetu ajali ya maji siyo habari ya kuhadithiwa. Ukipita Igoma unaona makaburi ya watu wa MV Bukoba ya Mei 21, 1996, na MV Nyerere ilivyopinduka Septemba 20, 2018 ikiwa imeshakaribia kabisa kufika Ukara waliondoka watu zaidi ya 220, sisi tunaofanya biashara na visiwani karibu kila mtu alikuwa na anayemfahamu mule. Kwa hiyo ikikupata unategemewa ulie, msiba uishe, arobaini ipite, urudi kazini. Mi hata kulia sikulia. Msibani nilikuwa nasimamia jiko, naandika michango, nauliza nani hajala. Watu wakasema huyu ana moyo mgumu na walikuwa wananisifia.

Yaliyofuata yalikuja taratibu mpaka sikuyaunganisha na ajali. Nikashindwa kujimwagia maji kichwani, nikawa naoga kwa kujipangusa na kitambaa. Bajaji ikiingia sheli, ile harufu ya petroli tu, mikono inakufa ganzi. Neema akichelewa kidogo kutoka shule nimeshafika kwa mwalimu mkuu. Mume wangu akinigusa usiku bila kunisemesha kwanza nampiga, tena nampiga kweli, alafu nashtuka naanza kumuomba msamaha. Kanisani wakaniombea, shangazi yangu akataka twende kwa mtaalamu wake wa huko Magu, mi nikaenda hospitali nikijua ni presha. Wakapima presha, wakapima sukari, hamna kitu, ndo nikapelekwa kwa daktari wa magonjwa ya akili akaniambia hiki ni kiwewe, na akasema hata Wamarekani wamekuja kukiingiza rasmi kwenye mwongozo wao wa magonjwa mwaka 1980, baada ya wanajeshi wao waliorudi Vietnam kuwa na hali hizihizi, kwa hiyo nisijishangae. Akaniandikia dawa. Dawa zilinisaidia usingizi na sitaki mtu asome hapa akaenda kutupa za kwake. Alafu akanielekeza kwa binti mmoja mwanasaikolojia, ofisi yake iko ghorofani, ngazi nyembamba, chini kuna duka la vifaa vya simu linapiga muziki kutwa nzima.

Huyo binti alinieleza ukweli toka siku ya kwanza na nilimheshimu kwa hilo. Alisema tiba za kiwewe ziko za aina nyingi, kuna ile unalisimulia tukio kwa mpangilio na unapewa na kazi za kufanya nyumbani, kuna ile unafuatisha kidole kwa macho huku unakumbuka, na hizo mbili ndo Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilizipendekeza kwa watu wazima wenye shida kama yangu, tafiti zake ni nyingi. Yeye alichosomea ni saikodainamiki, yani tiba ya kuongea inayotafuta mambo ya zamani yanayokuendesha bila mwenyewe kujijua. Akasema hii ushahidi wake upo ila kwa kiwewe ni mchache kuliko za kwanza, na inachukua muda, ila inafaa pale ambapo tukio limekaa juu ya mambo mengine ya zamani. Nikamuuliza sasa wewe umejuaje kama mi nina mambo ya zamani? Akasema sijui, tutaona. Mi nikabaki hapohapo, kwanza kwa sababu Mwanza wataalamu hawa siyo mitumba useme utachambua, na pili kwa sababu alisema sijui, nilikuwa nimechoka na watu wanaojua.

Sasa mle ndani. Kikao ni dakika 50, mara moja kwa wiki, siku ileile saa ileile. Kitanda cha kulala kama kwenye picha za Freud, yule daktari wa zamani aliyeanzisha tiba za namna hii, hakipo, hicho ni cha wale wanaoenda siku nne au tano kwa wiki. Ni viti viwili vimekaa upandeupande hivi, siyo kutazamana kama mahakamani, na boksi la tishu. Unakaa, na yeye anakaa, na anakaa kimya. Hakuulizi leo tuongelee nini. Sheria ni moja tu, sema kinachokuja kichwani hata kama unaona ni cha kijinga au cha aibu au hakihusiani. Jamani huo ukimya! Mtu wa sokoni mimi, ukimya kwangu ni mteja anataka kuondoka, kwa hiyo nikawa naujaza, nikaanza kumuelezea bei ya gunia, mvua ilivyoharibu dagaa zilizoanikwa, wanunuzi wa kutoka Kongo, jinsi wapakiaji wanavyochanganya mchanga. Wiki na wiki. Na yeye anasikiliza tu, wala hakunikatisha aseme turudi kwenye ajali.

Kuna sababu ya kutokukimbilia ajali, niliielewa baadaye. Kuna daktari wa Marekani anaitwa Judith Herman aliandika mwaka 1992 kwamba kupona kiwewe kuna hatua, kwanza mtu awe salama, ndo akumbuke na kuomboleza, alafu ndo arudi kwa watu na maisha yake, na huyu binti mtaalamu alikuwa anafuata hiyohiyo. Miezi ya kwanza kazi ilikuwa mi nilale, nile, nijue cha kufanya harufu ya petroli ikinipata (alinifundisha kukanyaga sakafu kwa nguvu na kutaja vitu ninavyoviona, inaonekana utani lakini inafanya kazi hata ukiwa kwenye daladala), na tuhakikishe sina mawazo ya kujidhuru. Alisema wazi kwamba mtu akiwa na hayo mawazo kwa nguvu, au anakunywa kila siku, au anasikia sauti, huko ndani hawaanzi kuchimba, anatulizwa kwanza na wa hospitali. Na alisema siri yangu anaitunza isipokuwa kama naelekea kujiua au kumdhuru mtu. Hilo uliza mapema ukienda kwa yeyote.

Ila kitu nilichotaka hasa kukisema ni hiki, na hiki hakuna aliyenitayarisha. Kwenye hii tiba yale unayoishi nayo huko nje hutayasimulia tu, utayafanya palepale kwenye kiti, tena unamfanyia mtaalamu mwenyewe, na wala hujijui.

Mimi ilianzia kwenye salamu. Binti mdogo, nimemzidi kama miaka kumi hivi, kila nikiingia ananiambia shikamoo dada. Nami marahaba, hujambo, za nyumbani, umekula? Sasa mtu anayekuamkia utamlilia vipi? Nikawa namchuja maneno. Nikiwa na wiki mbaya namwambia tunaendelea vizuri. Nikiota maiti namwambia nimeota ziwa. Nilikuwa namuona mwembamba, macho yamechoka, nawaza huyu mtoto nikimwagia haya yote ataenda kulala kweli? Yani mi ndo mgonjwa na mi ndo nilikuwa namtunza daktari.

Alafu nikaleta samaki. Nilipita Mwaloni asubuhi nikapata sato wawili wazuri, wazito, bado wana damu kwenye mashavu, nikawafunga kwenye mfuko mweusi na gazeti juu nikapanda nao zile ngazi. Kwetu ukimpa mtu samaki anasema asante, hata kama friji limejaa anasema asante na anaenda kumpa jirani. Huyu akautazama mfuko, akanitazama, akasema kwa upole dada, kabla hatujaamua chochote kuhusu hawa samaki, tunaweza kuwaongelea kidogo? Hee! Nilihisi uso unawaka. Nikasema hamna cha kuongelea ni samaki. Akasema sawa. Kimya. Nikasema unaona kama nakuhonga? Akasema hapana, najiuliza tu kama kuna kitu unaona unanidai au nakudai. Nikanyanyua mfuko wangu nikaondoka kikao hakijaisha, mkia wa samaki umetoboa gazeti unanichoma mguuni ngazi zote, nashuka natukana kimoyomoyo, binti asiye na adabu, kalelewa wapi huyu.

Wiki iliyofuata sikwenda, nikatuma meseji nina wageni. Sikuwa na mgeni hata mmoja. Iliyofuata tena nikachelewa nusu saa nikasingizia foleni ya Buzuruga. Na hapa ndo wengi wanaachia, nimeongea na wenzangu kadhaa wanakwambia nilienda nikaona hanielewi nikaacha, na ukimchimba vizuri unakuta aliachia palepale alipomkasirikia mtaalamu, yani palepale kazi ilipokuwa inaanza. Niliporudi hakuninunia. Alisema nafikiri nilikuumiza, na nafikiri umekuja na hasira, nazo zina nafasi humu. Mi nimekua kwenye nyumba ambayo mtoto mkubwa hakasiriki. Hilo neno lake lilinikalisha.

Tulikaa na wale sato muda mrefu, mtacheka, lakini kwenye wale samaki kila kitu kilikuwemo. Mama yetu aliondoka kwenda kufanya biashara Kahama nikiwa darasa la nne, akawa anarudi anaondoka, na kila akiondoka maneno ni yaleyale, mayu, nakuachia mdogo wako, ale, asichezee maji. Asichezee maji! Nililitamka hilo mle ofisini kama habari ya kawaida tu, nikaendelea na habari nyingine, na yeye akaniuliza taratibu umesikia ulichosema? Hapo ndo nilianza kulia, na nililia kilio cha msiba kabisa, cha kukaa chini. Dakika 50 zikaisha nikiwa bado nalia na yeye akasema muda wetu umefika, nikainuka namchukia tena. Jiandae na hilo, muda ukiisha umeisha, na ukikaa nalo unakuja kuona kwamba huo ukuta unasaidia, maana unajua kuna pa kuishia na nje kuna daladala na watoto wa kupikia.

Kwa hiyo ule mzigo ulikuwa wa zamani kuliko boti. Mi toka mdogo nilikabidhiwa mtu, na kila mtu aliyekuwa mdogo kwangu nilimbeba vilevile, wafanyakazi wangu, mume wangu pia (ni mkubwa kwangu lakini nilimfanya mdogo), na yule binti wa watu na shikamoo yake. Nikimlisha na kumficha mabaya naona nimemtunza. Freud aliandika mwaka 1914 kwamba kile mtu asichokikumbuka anakirudia kwa vitendo bila kujua kwamba anarudia, na mi nilivyoelezwa hilo sikuhitaji mfano, sato walikuwa wameshanitosha.

Likizo nayo. Akaniambia mapema, mwezi mzima kabla, kwamba Desemba atakuwa hayupo wiki tatu. Nikamuuliza unaenda wapi, akasema naona ni muhimu kwako kujua, unawaza naenda wapi? Wana hii tabia ya kurudisha swali, mpaka leo sijaipenda. Lakini mi nilikuwa na jibu langu tayari, yule ana lafudhi ya Kihaya, Desemba Wahaya wote wanarudi kwao, kwa hiyo atapanda meli ya Bukoba. Wiki tatu sikulala. Nafungua utabiri wa upepo kwenye simu usiku wa manane. Nilitamani kumtumia meseji nimwambie panda basi. Januari nikamkuta kakaa kwenye kiti chake mzima wa afya, nikamfokea, nikamwambia watu mnaondoka tu hamjui mnaacha nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, alafu akaniuliza haya maneno ni ya kwangu peke yangu au kuna wengine humo. Walikuwemo wengine, mama alikuwemo, na marehemu alikuwemo, na sikuwahi kufikiria kwamba mtu unaweza ukamkasirikia marehemu. Kwetu hilo halisemwi. Mpaka leo sijui kama alipanda meli au basi.

Ni baada ya hapo ndo nikaweza kuongelea ya kwenye maji yenyewe. Nitaandika kidogo tu. Mdogo wangu alikuwa ameshika kitenge changu, nilikuwa nimejifunga kiunoni. Kuna wakati kitenge kilikuwepo na kuna wakati hakikuwepo. Mi sijui kama kilifunguka chenyewe au nilikifungua. Kila niliyewahi hata kumgusia aliniwahi, siyo kosa lako, mipango ya Mungu, usiwaze hivyo, na kila ukiambiwa hivyo mdomo unafungwa na unabaki nacho mwenyewe usiku. Yule binti hakuniwahi. Alikaa nalo. Aliniuliza kitenge kilikuwa rangi gani. Kuna mtu ataona ni ukatili kuuliza hivyo, ila mi ndo mara ya kwanza nilihisi kuna mtu yumo na mimi mle majini.

Na hapa niseme kitu kwa wale wanaotegemea tiba iwarudishie kumbukumbu. Usitegemee. Nilimwambia nataka tuchimbe mpaka nijue mkono wangu ulifanya nini, akaniambia wazi kwamba kumbukumbu ya wakati wa hatari inaweza kuwa na mapengo ya kweli, na akinisukuma sana kukumbuka naweza nikatengeneza picha ambayo haikuwepo nikaiamini, kwa hiyo hatafanya hivyo. Mtaalamu akikuahidi atakufukulia kumbukumbu zilizojificha, au anakuwekea yeye maneno mdomoni kwamba lazima utotoni ulifanyiwa hivi na hivi, mi ningeshika mkoba wangu. Tulichofanya ni kukaa na kutokujua. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, na kipindi hicho hali yangu ilirudi nyuma kabisa, ndoto zikarudi, nikapungua, mume wangu akasema huko unakoenda wanakuharibu. Hilo nalo kaa ukilijua, katikati inaweza ikawa mbaya kuliko mwanzo, ila kuna tofauti kati ya kuumia kwa sababu unaomboleza na kuzidiwa, ukiona huli, hutoki kitandani au unawaza kujimaliza mwambie yeye na daktari siku hiyohiyo, na siyo usubiri kikao.

Ndoto wanazipenda sana. Nilikuwa naota mdogo wangu amekaa jikoni amelowa anaomba chai. Kwetu ndoto ya namna hiyo wazee wanakwambia marehemu anadai kitu, na shangazi alishaanza kupanga shughuli. Niliogopa kumwambia msomi mambo hayo lakini wala hakucheka, akaniuliza wewe unaona anadai nini? Nikajibu bila kufikiria, hadai kitu, ana baridi tu. Shughuli tuliifanya vilevile, tulipika, tukala, na mimi kwa mara ya kwanza sikusimama jikoni, nilikaa kwenye mkeka na waliofiwa wenzangu.

Mambo madogomadogo ya kujua. Ukikosa kikao bila kutoa taarifa mapema unalipa, nililalamika sana hapo ila tulikubaliana toka mwanzo. Hela nilimuomba anipunguzie akapunguza kidogo, kwa hiyo omba, usione aibu. Ukikutana naye mtaani hatakusemesha mpaka umuanze wewe, mi nilimuona Makoroboi anachagua viatu akanipita kama hanijui nikaumia, kumbe anakulinda ili mtu uliyeongozana naye asikuulize huyu ni nani. Hatakupa ushauri wa uache mume au usiache, uuze boti au usiuze. Hatakuhadithia maisha yake. Ukimsifia atataka kujua, ukimnunia atataka kujua, ukikaa kimya atakaa nawe. Kama unataka mtu wa kukupa mbinu haraka urudi kazini baada ya wiki chache, na hali yako inaruhusu, zile tiba nyingine za mwanzo nilizozitaja naona zitakufaa zaidi, wala siyo dhambi. Shoga yangu mmoja alifanya ile ya kusimulia tukio na kazi za nyumbani baada ya ajali ya basi, vikao vichache, na leo anapanda basi kama kawaida wakati mimi ndo kwanza nilikuwa bado kwenye habari za samaki. Nilimuonea wivu, nilimwambia mpaka binti. Unajua aliniuliza nini. Eti huo wivu ukoje.

Kuacha hamuachi ghafla. Tulianza kuongelea mwisho miezi kabla ya mwisho wenyewe, tukapanga tarehe, na nilipofika hapo nikaanza kuumwa upya, usingizi ukakatika, nikasema unaona sijapona. Akasema au hujawahi kuagana na mtu anayeondoka akiwa hai na wewe ukiwa umejua. Kweli sijawahi. Mama alikuwa anaondoka alfajiri tumelala. Basi tukaagana, kwa wiki nyingi, kidogo kidogo. Siku ya mwisho nilimletea sato mmoja na safari hii alimpokea akasema asante dada, hakuuliza swali. Nikamwambia umekua. Tukacheka wote.

Nilivyo sasa hivi, maana najua mtauliza. Maji kichwani najimwagia. Petroli bado inanishtua lakini napita. Kwenda Sengerema napita daraja la Kigongo-Busisi toka lifunguliwe Juni 2025 na ni raha tupu, ila visiwani sijarudi, dagaa naletewa, na usiku sipandi boti wala sina mpango. Binti alisema kutokupanda boti iliyozidisha mzigo usiku siyo ugonjwa. Kipindi cha giza kikianza huwa nashtukashtuka siku mbili tatu alafu inapita. Wafanyakazi wangu nimewaachia mahesabu wenyewe na kuna mmoja ameshaniibia, lakini ndo biashara.

Mume wangu, yuleyule aliyesema wananiharibu, juzi kaniuliza huyo binti wako ana nafasi? Maana na yeye alimpenda sana shemeji yake, yule mdogo wangu, na siku ile yeye ndo alimtuma anisindikize, kitu ambacho hatujawahi kukiongelea ndani ya nyumba. Nikamwambia hakupokei, hawapokei mtu na mwenza wake hivyohivyo, atakuelekeza kwa mwenzake. Akasema ah, mi nilitaka huyohuyo. Nikamwambia tafuta wako, huyo wangu.